Risasi, Pingu na Makachero: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Picha za Zamani za Polisi na Majambazi

Maswali haya yanaulizwa na watu wa Bagamoyo wanaopenda picha za kizamani za polisi na majambazi, na wale wanaotaka kupiga picha za aina hiyo hapa hapa mjini, wakiwemo wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa. Kuna jambo moja la kushika kabla ya kushuka chini. Usiicheke picha ya zamani mpaka umeangalia mwaka iliotengenezwa na mwaka inaouzungumzia. Mambo mengi tunayoyaona ya uongo yalikuwa kweli tupu enzi zile, na mengi tunayoyameza bila kutafuna hayajawahi kuwa kweli popote.

Mbona stelingi anafyatua risasi ishirini bila kujaza?

Hapo anayejaza bastola ni mhariri. Tukio moja la kurushiana risasi hupigwa vipande vipande kutoka pembe tofauti, na kila kipande bastola huanza ikiwa imejaa. Vipande vikiunganishwa, hesabu inapotea.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bastola za silinda walizobeba polisi wa Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kama Smith & Wesson Model 10 (iliyoanza mwaka 1899 kwa jina la Military & Police) na Colt Official Police, hubeba risasi 6. Kwa zile fupi za makachero kuna mtego: Colt Detective Special ya 1927 ina 6, lakini Smith & Wesson Chiefs Special ya 1950 ina 5 tu. Bastola ya Colt M1911 hubeba 7 kwenye magazini, na 8 ukiacha moja ndani ya chemba.

Bunduki ya Thompson, ile ya majambazi wa Chicago, ilikuwa na magazini ya risasi 20 au ngoma ya 50 au 100. Toleo la 1921 hufyatua takriban risasi 800 kwa dakika. Piga hesabu: ngoma ya 50 inakwisha kabla ya sekunde 4. Ukiona jambazi anapangusa mtaa mzima kwa nusu dakika bila kunyanyua kidole, ujue ana bohari mgongoni.

Kujaza bastola ya silinda kunachukua muda gani, na hufanywaje?

Kwa risasi za mkononi, askari aliyezoea anahitaji sekunde 10 hivi, na akiwa anatetemeka huenda mbali zaidi. Kwenye Smith & Wesson unasukuma kibonyezo cha silinda mbele kwa kidole gumba; kwenye Colt unakivuta nyuma. Silinda inafunguka upande wa kushoto. Unaelekeza mtutu juu, unagonga kijiti cha kutolea maganda mara moja kwa nguvu, kisha unageuza mtutu chini na kutia risasi moja moja.

Kosa la kawaida ni kugonga kijiti bastola ikiwa imelala. Ganda moja hunasa chini ya nyota ya kutolea maganda, silinda haifungi tena, na bastola inabaki chuma tu mpaka ulichomoe kwa ukucha. Mwongozaji mwenye jicho angeweza kujenga tukio zima la kusisimua juu ya hilo ganda moja, lakini wengi wanapenda zaidi gari liruke.

Vile vijazio vya duara vinavyotia risasi zote kwa mkupuo vilienea kwa polisi miaka ya 1970. Ukivikuta kwenye kiuno cha kachero wa picha inayohusu miaka ya 1940, hilo ni kosa la mtunza vifaa.

Bastola ikiishiwa, kweli inalia "ka! ka! ka!"?

Ya silinda, ndiyo. M1911 na ndugu zake, hapana: risasi ya mwisho ikitoka, bamba la juu linabaki nyuma limefunguka, na kifyatulio hakigongi kitu.

Mbona wanavuta shotigani "kwacha-kwacha" kila wanapotaka kumtisha mtu?

Kwa ajili ya mlio. Kama risasi ilikuwa tayari ndani, kuivuta tena kunaitupa risasi nzima sakafuni. Jambazi anayevuta mara tatu kabla ya kufyatua amejipunguzia risasi mbili.

Kachero anaokota maganda palipouawa mtu kwa bastola ya silinda. Inawezekana?

Si rahisi, labda muuaji awe amesimama akajaza upya. Bastola ya silinda hukaa na maganda yake mpaka mtu ayatoe. Bunduki ya Thompson na M1911 ndizo zinazotema maganda chini. Hili ni mojawapo ya mambo bora ya kupimia kama mwandishi wa picha aliijua kazi yake.

Wanafyatua kwa mkono mmoja, wengine bastola iko kiunoni. Huo si mchezo wa kuigiza tu?

Hapa ndipo picha za zamani zinaonewa. Mpaka miaka ya 1950 polisi wa Marekani walifundishwa kufyatua kwa mkono mmoja, na FBI ilifundisha kuchuchumaa kidogo na kufyatua kutoka usawa wa nyonga kwa adui aliye umbali wa mita 6 au 7. Mtindo wa mikono miwili ulioanza kusambaa baadaye unatokana na Jack Weaver, ofisa wa sherifu wa Los Angeles, aliyeutumia kwenye mashindano ya kulenga huko California mwishoni mwa miaka ya 1950. Ulichukua miaka mingi kuingia vyuo vya polisi.

Kwa hiyo picha ya mwaka 1946 yenye kachero anayefyatua kwa mkono mmoja iko sawa. Picha mpya inayohusu mwaka 1935, ambayo kachero wake anaishika bastola kwa mikono miwili kama komando wa leo, ndiyo iliyokosea. Vilevile usishangae makachero wa picha za miaka ya 1980 kubaki na bastola za silinda. Idara nyingi zilianza kuziacha baada ya mapambano ya FBI na majambazi wawili mjini Miami, tarehe 11 Aprili 1986, ambako maofisa wawili waliuawa.

Mtu akipigwa risasi hurushwa nyuma?

Hapana. Risasi ya kawaida ya .38 Special ina uzito wa gramu 10 na ushei na hutoka kwa kasi ya karibu mita 230 kwa sekunde. Nguvu yote hiyo ikimwingia mtu wa kilo 70, mwili wake unasogea kwa sentimita 3 au 4 kwa sekunde. Hata shotigani haimtoi mtu dirishani. Aliyefyatua naye husukumwa nyuma kwa kiasi kilekile, tena kwa zaidi kidogo kwa sababu ya gesi ya baruti. Kama risasi ingemrusha aliyepigwa, mpigaji naye angelala chali.

Watu wanaopigwa risasi huanguka pale walipo, hukaa chini, au huendelea kukimbia bila kujua wamejeruhiwa. Kurushwa kule kwenye picha ni kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa mwigizaji na watu wawili wanaoivuta.

Na jeraha la bega? Stelingi hufunga leso tu akaendelea.

Begani hupita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda mkononi pamoja na fungu la neva. Mtu anaweza kuvuja damu akafa hapo, au mkono ukapooza moja kwa moja.

Kupigwa kitako cha bastola kichwani, mtu akazimia nusu saa kisha akaamka anauliza "niko wapi"?

Aliyezimia zaidi ya dakika chache ana jeraha la ubongo na anahitaji hospitali. Siku ya pili hafukuzi mtu juu ya paa.

Tangi la gari likipigwa risasi linalipuka? Kufuli linafunguka? Mlango wa gari unakinga?

Hapana kwa yote matatu. Petroli huwaka mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kadiri maalumu, na risasi ya kawaida haina cheche ya kutosha. Utapata tundu na mafuta yanayochuruzika. Kufuli la chuma likipigwa risasi ya bastola hupinda likakwama zaidi, na vipande vinaweza kumrudia mpigaji. Mlango wa gari ni bati mbili nyembamba. Jificheni nyuma ya injini na magurudumu ya mbele.

Kile kiwambo cha sauti kinacholia "pf"?

Kiwambo hupunguza mlio kwa desibeli 20 hadi 35 hivi. Bastola nyingi hulia kati ya desibeli 150 na 165 karibu na sikio, kwa hiyo kinachobaki bado ni kama nyundo juu ya chuma. Jirani wa nyumba ya pili atasikia kitu, ila huenda asijue ni bastola.

Kosa kubwa zaidi ni kukifunga kwenye bastola ya silinda. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo, na gesi hutokea hapo pembeni kwa kelele ileile. Inayojulikana kwa kuziba upenyo huo ni Nagant M1895 ya Urusi, ambayo silinda yake husogea mbele kabla ya kufyatuka.

Kwa nini bastola zote za picha za zamani hulia mlio mmoja?

Kwa sababu mara nyingi ni mlio mmoja kweli. Studio zilikuwa na maktaba zao za sauti, na mlio uliorekodiwa mara moja ulitumika kwenye picha nyingi kwa miaka. Maikrofoni za wakati ule hazikuweza kubeba mshtuko wa bastola, na sauti iliyochapwa pembeni mwa mkanda wa filamu ilipunguzwa ile mikali ya juu. Ndiyo maana unasikia "bu" nene badala ya "pa" kali.

Uongo unaobaki hata leo ni kwamba watu hufyatua ndani ya chumba kisha wakaendelea kunong'ona. Masikio yangekuwa yanavuma, wangepigiana kelele.

Kama unatengeneza sauti ya picha yako mwenyewe, kumbuka umbali. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Mpigaji akiwa mita 100 kutoka kamera, mlio unachelewa karibu theluthi moja ya sekunde, yaani fremu 7 ukipiga kwa fremu 25. Fanya hivyo na mtazamaji ataamini bila kujua kwa nini. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kuta za mawe hurudisha mwangwi mfupi na mkavu. Nenda alfajiri kabla ya bodaboda, gonganisha mbao mbili mahali atakaposimama mwigizaji, rekodi mwangwi wake, kisha uulaze chini ya mlio wa bastola.

Kuna wakati bastola inalia lakini moto hauonekani mdomoni mwa mtutu. Kosa la nani?

La kamera. Kamera ya filamu ya fremu 24 kwa sekunde hufungua jicho nusu ya muda tu. Nusu nyingine imelifunga ili mkanda usogee. Mwako wa bastola ni wa kufumba na kufumbua, mara nyingi unatokea jicho likiwa limefungwa. Studio zilikabili hilo kwa kutia kwenye risasi baridi (za kuigizia, zisizo na kichwa) baruti yenye mwako mkubwa na mrefu, na ndiyo sababu bastola ndogo ya picha ya zamani inatoa moto kama wa tanuri.

Ni kweli zamani walitumia risasi za moto wakati wa kupiga picha?

Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na walenga shabaha walioajiriwa kupiga risasi halisi kwenye kuta na madirisha karibu na waigizaji. James Cagney alipitia hayo kwenye *The Public Enemy* ya 1931: anakwepa kwenye kona, na sekunde ileile ukuta unapasuliwa kwa risasi za moto. Vumbi unaloliona pale ni la kweli. Hakuna sababu yoyote ya kuiga.

Risasi baridi basi ni salama?

Salama kuliko ya moto, lakini si salama. Risasi baridi ni ganda lenye baruti lisilo na kichwa, mdomo wake umekunjwa au kuzibwa kwa kizibo. Gesi na kizibo hutoka kwa nguvu ya kuua kwa karibu. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijifyatulia risasi baridi pembeni mwa kichwa kwa mzaha, akafa. Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa kwa njia nyingine: kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu kutokana na risasi za maonyesho (zisizotakiwa kuwa na baruti) zilizotengenezwa vibaya, na risasi baridi iliyofuata ikakisukuma nje. Mwaka 2021 mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi ya moto iliyoingia mahali isipotakiwa kuwepo kabisa.

Kwa hiyo kanuni za seti hazina mjadala. Risasi ya moto haiingii eneo la kazi. Mtu mmoja tu ndiye msimamizi wa silaha. Kabla ya kila kipande mtutu unaangaliwa kwa tochi mbele ya mwigizaji, tundu lote, mpaka mwanga uonekane upande wa pili. Umbali unaofuatwa na wengi ni angalau mita 6, na bastola inaelekezwa pembeni mwa mtu. Kamera ndiyo inayodanganya pembe.

Jambo la kiufundi: bastola ya magazini haijivuti yenyewe kwa risasi baridi mpaka mtutu wake uzibwe kiasi ili gesi ipate nguvu, kwani hakuna kichwa cha kuizuia. M1911 ilisumbua sana kwa hilo, hivyo picha nyingi za zamani zilitumia bastola ya Kihispania ya Star Model B inayofanana nayo. Ukitazama kwa makini utaiona.

Sisi hatuna bajeti ya hayo. Tufanyeje tundu la risasi ukutani na damu kwenye shati?

Baruti hamzihitaji. Kwa ukuta, msiguse kabisa kuta za Mji Mkongwe. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, mali ya urithi, na kitobo kimoja hakirudi. Tengenezeni ubao wa plaiwudi uliopakwa plasta ya rangi ileile na uwekeni mbele ya ukuta.

Tobo moja lifanyike hivi: toboa kwa kekee ya milimita 15, kina cha sentimita 2. Jaza unga wa chokaa uliochanganywa na majivu kidogo. Ziba kwa kizibo chembamba cha plasta kilichogandishiwa mshipi wa nailoni wa kuvulia, kisha paka rangi juu. Mtu aliye nje ya fremu anavuta mshipi kwa ghafla, kizibo kinachomoka, vumbi linaruka. Mshipi ukimetameta juani, upake mkaa. Vuta kwa pembeni, usivute kuelekea kamera wala uso wa mtu. Matobo yasipangwe kwa mstari kama vifungo vya shati. Vumbi hukaa vizuri asubuhi upepo ukiwa mdogo. Kusi likishaanza kuvuma mchana linalipeperusha kabla kamera haijaliona.

Kwa shati: kata alama ya msalaba ndogo kwa wembe, kwaruza kwa ndani kwa msasa mpaka kitambaa kilegee, kisha kishikize kwa gundi kidogo. Ndani weka mdomo wa mpira mwembamba wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 6, upite chini ya nguo hadi mguuni, na mwisho wake uwe na sirinji kubwa yenye mililita 20 hadi 30 za damu ya bandia. Mpira usizidi mita 2, la sivyo nguvu inaisha njiani na damu inatoka kama jasho. Toa hewa yote kwanza; kiputo kikibaki hulia "prrr" na mwigizaji hucheka. Kitambaa kisipolegezwa vya kutosha hufura kama kibofu bila kupasuka. Hilo ndilo linaloharibu kazi mara nyingi, na shati la pili liwe tayari.

Damu yenyewe: vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji, chemsha mpaka viwe shira. Ongeza kijiko 1 cha wanga uliokorogwa kwa maji baridi, rangi nyekundu ya chakula, na nusu kijiko cha kakao ili isiwe na wekundu wa peremende. Ipoe kabisa. Sisimizi na nyuki watakuja, hivyo msiiache kwenye meza wazi. Enzi za picha nyeusi na nyeupe kazi ilikuwa rahisi zaidi: sharubati ya chokoleti ilitosha, na Hitchcock aliitumia kwenye *Psycho* mwaka 1960.

Kwa nini picha za kabla ya miaka ya 1960 hazina damu, na jambazi lazima afe au akamatwe?

Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoandikwa 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilitaka uhalifu usionekane unalipa, na zilikataza kuonyesha kwa undani jinsi wizi au mauaji yanavyofanywa. Zilifutwa 1968 na kuwekwa madaraja ya umri. Kwa hiyo ile picha ambayo kasiki linafunguka bila sisi kuona linafunguliwaje haikuwa ya uvivu, ilikatazwa. Wakati *Bonnie and Clyde* ilipotoka 1967 na vifuko vya damu vikipasuka mwili mzima, kanuni zilikuwa zimeshalegea, na huko nyuma hakukuwa na kitu kama kile.

Kachero anamkamata mtu bila kumsomea haki zake. Je, ni kosa la mwandishi?

Angalia mwaka. Maneno "una haki ya kukaa kimya" yalitokana na hukumu ya Miranda ya Mahakama ya Juu ya Marekani, Juni 1966. Picha ya 1950 isiyokuwa nayo iko sahihi. Taa kali usoni na kipigo chumbani navyo si chumvi ya mwandishi: ripoti ya tume ya serikali ya Marekani ya mwaka 1931, iliyoitwa ya Wickersham, ilieleza mateso ya polisi kwa kirefu.

"Mshikilie kwenye simu, tunaifuatilia!" Kulikuwa na haja?

Kulikuwa. Kwenye mitambo ya simu ya zamani, fundi alitembea kati ya makabati akifuata swichi moja baada ya nyingine. Simu ikikatwa, swichi zinaachia na njia inapotea. Kama ilivuka kituo kimoja kwenda kingine, ilibidi waamshwe mafundi wa huko pia. Mitambo ya kidijitali hurekodi namba papo hapo, hivyo mchezo huo kwenye picha ya juzijuzi ni uzembe.

Kachero anaokota bastola kwa kuchomeka kalamu mtutuni. Ndivyo inavyotakiwa?

Hapana. Kalamu inafuta masizi na inaweza kukwaruza ndani ya mtutu, ambako ndiko ushahidi wenyewe uliko. Mtutu una mifereji iliyojisokota ndani yake, na kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye kichwa cha risasi. Calvin Goddard alilinganisha mikwaruzo na alama za maganda kwa hadubini ya kulinganisha, na uchunguzi wake wa mauaji ya watu 7 Chicago, tarehe 14 Februari 1929, ulithibitisha zilitumika bunduki mbili za Thompson. Bastola ishikwe kwa glavu pale penye mikwaruzo ya mpini, itolewe risasi, iandikwe, ifungwe.

Tunaandika picha ya kachero wa Kitanzania. Tuache nini cha Kimarekani?

Acheni sherifu, acheni baraza la wananchi linaloamua hatia, acheni kusoma haki za Miranda neno kwa neno. Hapa mtuhumiwa anaonywa, kisha maelezo yake yanachukuliwa kwa maandishi. Yanaitwa maelezo ya onyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za kumhoji tangu ashikiliwe, na muda huo unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8. Mwandishi mjanja anaweza kuifanya saa ya ukutani kuwa adui wa kachero kuliko bunduki. Ungamo mbele ya polisi lichukuliwe na askari wa cheo cha koplo au zaidi; konstebo wenu asijipe kazi hiyo. Mtuhumiwa akitaka kuungama nje ya polisi, anapelekwa kwa mlinzi wa amani.

Kinachokamatwa ndani ya nyumba kinaandikiwa hati ya ukamataji mali na kusainiwa na shahidi huru; hapo ndipo kesi nyingi hufa, kielelezo kikipita mikononi mwa watu bila maandishi. Majeruhi anapelekwa hospitali na PF3, na karatasi hiyo ikikosekana kwenye picha yenu, kila mtazamaji wa Kitanzania ataguna. Mkubwa anaitwa "afande", si "bosi". Na Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Pwani yuko Kibaha; Bagamoyo yuko Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kwa hiyo kamanda hawezi kuingia kituoni kwa miguu dakika mbili baada ya tukio.

Shahidi alimwona muuaji usiku kichochoroni, akamtambua mara moja. Inatosha?

Kwenye picha inatosha. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka mwongozo mwaka 1980: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa kuangaliwa kwa hadhari kubwa. Shahidi alimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, alikuwa akimjua kabla? Taa ya kibatari au tochi ya simu? Wakili wa utetezi ataanzia hapo. Kwenye gwaride la utambulisho mtuhumiwa husimamishwa na watu wanaofanana naye kwa umbo na umri, si yeye peke yake na askari wawili wenye buti.

Bastola za plastiki za watoto zinatosha kupigia picha mjini?

Kwa mbali zinatosha. Ipakeni rangi nyeusi isiyong'aa, futeni kingo kidogo kwa rangi ya fedha zionekane zimechakaa, na tieni vyuma vidogo ndani ya mpini. Bastola ya kweli yenye risasi ina uzito wa karibu kilo moja, na mkono wa mwigizaji hauwezi kuuigiza uzito usiokuwepo. Mwako na moshi viongezwe wakati wa kuhariri, mwako fremu moja tu.

Kabla ya hapo kuna karatasi. Kibali cha Bodi ya Filamu, ruhusa ya wanaosimamia majengo ya kale kama mtaingia humo, na barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya yenye tarehe, saa, mtaa, idadi ya silaha za bandia na namba ya simu ya msimamizi. Sare za polisi msizivae bila idhini. Ni kosa kisheria. Wajulisheni mjumbe na majirani siku moja kabla, maana mtu akipiga 112 kwa kuwa ameona bastola dirishani, askari watakaokuja hawatakuwa waigizaji. Bastola zisafirishwe ndani ya sanduku lililofungwa, zitolewe pale tu kamera ikiwa tayari, na zihesabiwe kabla ya watu kwenda kula.